Pikipiki ya mzee inatoa moshi wa bluu asubuhi, ikichemka unakata. Ringi nilishabadili. Tatizo ni nini?

#1 mwanaMakete
Wakuu salaam. Naombeni mawazo maana nimechoka kubahatisha na hela inaisha.

Nina Honda CG 125 niliyoachiwa na marehemu mzee, ni ile ya zamani ambayo valvu zinasukumwa na fimbo, siyo cheni. Mzee aliinunua mwaka 1999 ikiwa tayari imetumika na akaitembelea miaka yote kwenda shamba la viazi, na mimi nimeanza kuendesha humohumo. Nipo Makete na wanaoijua wanajua mwezi huu wa saba asubuhi unakuta nyasi nyeupe kwa baridi. Sasa nikipiga kiki asubuhi, ya tatu au ya nne inawaka, lakini unatoka moshi mzito wa bluu unaoelekea kijivu, unakaa dakika mbili mpaka tatu, halafu unapungua taratibu unakata kabisa. Nikishatembea kilomita mbili hata uinamie ekzosi huoni kitu. Mchana nikizima na kuwasha hautoki. Kesho asubuhi tena vilevile.

Oili naongeza kama robo lita kila baada ya wiki mbili, na chini hapadondoki hata tone. Mwezi wa kumi na moja mwaka jana fundi alinibadilishia ringi za pistoni akaniambia moshi kwisha habari yake. Haukuisha. Sasa fundi wa pili anataka ninunue bloku (silinda yenyewe) na pistoni, wa tatu anasema valvu.

Jirani yangu ana mtoto mchanga na dirisha lao linaangalia palepale ninapowashia. Siku hizi naisukuma mpaka barabarani ndo naiwasha, lakini nataka nijue ugonjwa. Na msinishauri niuze, hii siuzi.

#2 Kiberiti
Mkuu Makete hata mtu akipumua asubuhi anatoa moshi hahaha. Huo ni mvuke tu, chuma cha baridi kinakutana na hewa ya moto. Mi nilikaa Mafinga miaka minne, kila pikipiki asubuhi ilikuwa inafuka kama jiko la mama lishe.

#3 mwalimu wa kemia
Kiberiti hajakosea sana na watu wengi hawajui hili. Petroli ina hidrojeni, ikiungua ile hidrojeni inashika oksijeni ya hewani inakuwa maji. Lita moja ya petroli ikiungua yote inatoa maji karibu lita moja. Mchana hamuyaoni kwa sababu ekzosi ni ya moto na yanatoka kama mvuke usioonekana. Asubuhi bomba ni la baridi, mvuke unaganda kuwa matone humohumo, ndo moshi mweupe na maji yanayochuruzika kwenye ncha ya ekzosi. Ikipata moto unaisha. Huo hauna ugonjwa wowote.

#4 Kitonga
Lita moja ya petroli itoe lita moja ya maji??? Mwalimu hapo umetupiga.

#5 mwalimu wa kemia
@Kitonga sijakupiga ndugu yangu. Uzito mwingi wa yale maji ni oksijeni na hiyo inatoka hewani, haikuwa kwenye tenki. Petroli lita moja ina uzito wa gramu kama 740, ndani yake hidrojeni ni gramu 100 na kidogo. Kila gramu moja ya hidrojeni inavuta gramu nane za oksijeni. Zidisha mwenyewe.

#6 Kitonga
Nimezidisha. Naomba radhi mwalimu, endelea kutuelimisha.

#7 Fundi Spana
Jamani mwenye uzi kasema BLUU. Mvuke hauna ubluu. Na kasema anaongeza oili. Injini inakula oili hiyo, mengine ni hadithi.

mwanaMakete fanya hivi kesho asubuhi kabla hatujaendelea kubishana. Chukua tishu nyeupe au karatasi, pikipiki ikiwaka tu ishike nyuma ya ekzosi mbali kidogo, kama shubiri moja, sekunde ishirini. Ikilowana na ikikauka inabaki safi, ni maji. Ikipata madoa ya kahawia yenye utelezi, ni oili. Ikiwa na masizi meusi makavu, ni mafuta mengi kuliko hewa. Alafu fungua plagi utuambie rangi. Na unusie moshi: oili iliyoungua ina harufu nzito inayokera koo, petroli inachoma macho.

#8 nduthi_Nyahururu
Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi niko Nyahururu, huku tuko juu sana kama mita 2,300 hivi, na nduthi yangu ilikuwa na moshi kila asubuhi mpaka nikabadilisha ringi bure. Kumbe shida ilikuwa choki. Watu wa huku juu hewa ni nyepesi, kabureta iliyosetiwa pwani inamwaga mafuta mengi, sasa ukivuta choki juu yake unazidisha. Na wengine huvuta choki asubuhi wakasahau kuirudisha mpaka sokoni. Angalia hiyo kwanza haina gharama.

#9 Fundi Spana
@nduthi_Nyahururu hiyo ya mwinuko ni kweli tupu, lakini moshi wake ni mweusi. Wa kwako ulikuwa mweusi?

#10 nduthi_Nyahururu
Ulikuwa ni kama kijivu-kijivu. Sikuangalia sana rangi, ilikuwa saa kumi na moja alfajiri.

#11 Bwana Shamba mstaafu
Vijana hamjambo. Sisi enzi zetu moshi ulikuwa dalili ya uzima. Nilipewa Yamaha AG100 ya kazi, ile ya tu-stroku, oili inachanganyika na petroli inaungua pamoja, ikikosa moshi ndo unashtuka maana oili haiendi na injini itakufa njiani. Kabla yake nilikuwa na Yamaha DT, nayo tu-stroku. Hizo zilikuwa na kitenki chao cha oili pembeni na pampu inayojipimia yenyewe. Asubuhi nikiwasha kijiji kizima wanajua bwana shamba anatoka.

Ila nakumbuka moja ilizidisha moshi mpaka wakulima wakawa wanalalamika, na oili ya gia ikawa inapungua bila kuvuja nje. Fundi mmoja mzee, Mungu amrehemu, akasema sili ya shafti upande wa klachi imeisha, injini inanyonya oili ya gia inaichoma. Akabadili sili moja tu ya mpira, moshi ukarudi wa kawaida.

#12 Kiberiti
Shikamoo mzee. Ila ya mwenzetu ni foo-stroku, hiyo sili haimhusu.

#13 Bwana Shamba mstaafu
Marahaba. Najua haimhusu, nasema ili atakayesoma mwenye DT ajue. Na wenye tu-stroku, mkinunua oili angalieni kopo kama limeandikwa JASO (viwango vya Wajapani) FC au FD, hizo zinatoa moshi kidogo kuliko FB. Msiweke oili ya injini ya gari kwenye petroli, mnajaza mkaa kwenye ekzosi.

#14 Chuma Chakavu
Mi nina jibu tofauti. Unaiegesha kwa stendi ya pembeni au ya kati? Nilisoma mahali kwamba Boxer ikilala kwa stendi ya pembeni oili inaingia kwenye silinda usiku kucha na asubuhi inatoa moshi mkubwa sana, na ni kawaida kabisa, wala hawaitengenezi. Jaribu stendi ya kati usiku mmoja uone.

#15 Piki Mbili
@Chuma Chakavu umechanganya madesa kaka. Boxer uliyosoma siyo Boxer ya Bajaj. Ni injini ya BMW, zile kubwa zina silinda mbili zimelala, moja kushoto moja kulia, na injini ya namna hiyo ndo inaitwa boksa. Ukiegemeza kushoto ile silinda ya kushoto inakuwa chini kabisa kwa hiyo oili inapenya kwenye ringi usiku. Boxer ya Bajaj ni jina tu, silinda yake ni moja na imesimama. CG nayo silinda imesimama. Oili haiwezi kupanda mlima.

#16 Chuma Chakavu
Aisee. Miaka yote hii nawaambia watu. Basi sawa, ila mimi nilibadili stendi na moshi ulipungua, hilo nalo mtaniambia ni jina tu?

#17 mtu wa Lushoto
@Chuma Chakavu yawezekana kabisa ulipungua, lakini kwa sababu nyingine. Pikipiki nyingi za namna hii kijiti cha kupimia oili kipo upande wa kulia. Ukiipima ikiwa imeegemea kushoto, oili yote imekimbilia kushoto, kijiti kinaonyesha pungufu, unaongeza. Ukishajaza kupita kiasi ile oili inapigwapigwa na shafti, inapanda na kutoka kwa mpira wa kupumulia, inavutwa kwenye hewa, inaungua. Moshi. Sasa ulipoanza kutumia stendi ya kati ukawa unapima sawa bila kujua.

Mwenye uzi unapimaje oili yako? Maana hiyo robo lita kila wiki mbili inanipa wasiwasi kwamba labda unajaza isiyohitajika.

#18 mwanaMakete
Nawashukuru wote, sikutegemea uzi utachangamka hivi. Majibu:

Tishu nimefanya leo asubuhi. Imelowana, na ilipokauka jua lilipotoka imebaki na vidoa vidogo vya kahawia kama saba nane, vina utelezi. Kwa hiyo vyote viwili, maji na oili. Plagi: kauri yake ina rangi ya udongo upande mmoja, na pembeni kwenye nyuzi kuna weusi unaong'aa wenye unyevu.

Choki nairudisha ndani ya dakika moja, hiyo nina uhakika.

Oili... hapa ndo nimeshtuka. Nilikuwa napima kwa stendi ya pembeni, na kile kijiti nakikaza mpaka mwisho ndo nakitoa naangalia. Mzee alikuwa anafanya hivyo hivyo.

#19 mtu wa Lushoto
Kwa Honda za aina hiyo unakifuta, unakichomeka bila kukikaza, unakitoa unasoma. Pikipiki iwe imesimama wima sehemu tambarare. Iwashe dakika mbili tatu, zima, subiri tena dakika mbili tatu oili ishuke. Ukikaza kinazama zaidi kinakudanganya kwamba oili imejaa. Ukiilaza inakudanganya kwamba imepungua. Wewe ulikuwa na uongo miwili inayovutana, kwa hiyo hujui una oili kiasi gani humo ndani. Mwaga yote, ipime kwa chupa, uanze upya. Ukibadili oili CG inachukua lita moja kasoro kidogo.

#20 Fundi Spana
Nakazia #19, afanye hivyo. Lakini tusimzungushe, madoa ya tishu yameshasema. Dalili yake ni ya kitabuni: moshi wa bluu asubuhi tu, ukikaa muda unakata, mchana hakuna. Hizo ni SILI ZA VALVU. Zile sili ni vikofia vidogo vya mpira juu ya valvu, kazi yake ni kuzuia oili ya kichwani isiteremke. Zikizeeka zinakuwa ngumu kama kwato. Usiku oili iliyobaki juu kule inachuruzika tone kwa tone kupitia shina la valvu, inakaa juu ya pistoni, asubuhi unaichoma. Ikiisha moshi umekata. Ringi zingekuwa mbovu ungetoa moshi hata njiani ukivuta mafuta kupanda mlima, na huko Makete ni milima mitupu.

Na kama gaidi za valvu nazo zimekula, sili mpya zitakaa mwezi zinakufa tena maana valvu inacheza.

#21 Kiberiti
Magaidi ndani ya injini tena 😂

#22 Fundi Spana
Ndo jina lake gereji zote, ile bomba fupi ambayo shina la valvu linapita ndani yake. Ukizishika valvu zinayumba kulia kushoto basi hilo gaidi limeisha, linang'olewa linapigwa jipya.

#23 Mchonga Bloku
Fundi Spana nakuheshimu lakini hapa sikubaliani. Mimi kazi yangu ni kuchonga bloku, nimekaa kwenye mashine ya tundu miaka 14. Ukiniletea pikipiki yenye maelezo haya, kati ya kumi nusu naikuta bloku imekula umbo la yai. Huyu kabadilishiwa ringi tu. RINGI MPYA KWENYE BLOKU YA ZAMANI! Bloku ilishasuguliwa imekuwa kioo, ringi mpya haipati pa kung'ata, haikai. Tena bloku yenyewe haikupimwa. Pistoni ikiwa ya baridi ni ndogo, inacheza kwenye tundu, oili inapita. Ikipata moto pistoni inavimba kidogo, nafasi inaziba, moshi unakata. Hiyo nayo inatoa dalili ileile ya asubuhi tu!

Muulize huyo fundi wake kama alipiga msasa wa kuchora mistari ya msalaba ndani ya bloku. Muulize kama ringi ilitazama juu, maana zina alama. Muulize kama nafasi za ringi zilipishana au zote ziliangalia upande mmoja.

#24 mwanaMakete
Nilikuwepo siku ile. Hakupiga msasa wowote, alifuta na kitambaa chenye petroli akarudishia. Kuhusu alama na kupishana sijui kwa kweli.

#25 Mchonga Bloku
Basi.

#26 Fundi Spana
"Basi" nini? Nimekubali ringi hazikufungwa vizuri, haimaanishi sili ni nzima. Pikipiki ya kabla ya 1999, kichwa hakijafunguliwa kubadili sili hata mara moja (mwenye uzi sahihisha kama nimekosea), mpira gani wa miaka hiyo yote bado mlaini?

#27 mwanaMakete
Hujakosea. Hajawahi kuzitaja na risiti zake zote ninazo, aliziweka kwenye bahasha moja. Kuna klachi mara mbili, cheni na sproketi mara nyingi, kabureta, lakini sili za valvu sijaona.

#28 Piki Mbili
Badala ya kubishana kwa nini asipime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda? Anatoa plagi, anafunga kipimo, anavuta mafuta mpaka mwisho anapiga kiki mara tano sita anasoma namba. Alafu anatia kijiko kimoja cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, anapima tena. Namba ikipanda sana, oili imeziba pengo la ringi, kwa hiyo ni ringi au bloku na Mchonga Bloku anashinda. Ikibaki palepale na ilikuwa chini, ni valvu hazikai vizuri.

#29 Mchonga Bloku
Kipimo kizuri lakini sili za valvu haziguswi na kompresheni kabisa. Sili inaweza kuwa imekufa kabisa na kompresheni ikawa nzima. Kwa hiyo kitamwambia hali ya ringi tu.

#30 Fundi Spana
Hapo tumekubaliana kwa mara ya kwanza. Na kama hana kipimo, kuna njia ya bure. Ikishapata moto iache inguruma bila kuvuta mafuta dakika tatu, alafu vuta mafuta ghafla mtu amesimama nyuma. Likitoka wingu moja la bluu alafu likakata, ni sili au gaidi. Njia nyingine, chomoa ule mpira wa kupumulia injini ikiwa inawaka, weka kiganja. Ikikupulizia kwa nguvu kama pampu ya baiskeli, ringi zinapitisha.

#31 Mama Gereji
Habari zenu. Mimi nauza spea, siyo fundi, ila nasikia mengi kaunta. Hakuna aliyemuuliza koki ya tenki. Mkuu huwa unafunga koki usiku? Kuna mteja wangu alibadili ringi, sili, mpaka pistoni, moshi wa asubuhi ukabaki. Kumbe pini ya floti kwenye kabureta, ile inayofunga petroli ikijaa, imekula, koki iko wazi, petroli inateremka polepole usiku inaingia kwenye silinda inapita mpaka kwenye oili. Oili ikawa nyepesi kama maji, ikawa inapenya popote. Nusa kijiti cha oili, kama kinanuka petroli umepata mwizi.

#32 Kitonga
Lakini dada petroli ikiingia kwenye oili si oili ingeongezeka? Yeye yake inapungua.

#33 Mama Gereji
Kwa hesabu ya haraka ndiyo. Lakini ukichanganya na kile kijiti cha uongo cha #19 nani anajua imepungua au imeongezeka? Kufunga koki ni bure. Afunge usiku tatu aone.

#34 Kijana wa Kahama
Na mafuta ya kuchakachuliwa je? Petroli yenye mafuta ya taa inawaka kwa shida asubuhi na inafuka. Huko vijijini bado wanauza kwenye chupa.

#35 mtu wa Lushoto
Hilo lilikuwa kubwa zaidi zamani. Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa nishati na maji Tanzania, walianza kuweka vinasaba (alama za kutambua mafuta halali) kwenye mafuta, na baadaye kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa, ule utamu wa kuchanganya ukapungua. Lakini chupa za kando ya barabara hazina wa kuzipima, hapo uko sahihi.

#36 nduthi_Nyahururu
Kenya pia, 2018 waliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta taa kwa sababu hiyo hiyo. Wananchi wa kawaida wa taa na stovu ndio walioumia zaidi.

#37 Kiberiti
Tumeshafika kwenye kodi sasa. Uzi wa moshi huu wakuu.

#38 nesi wa zamu
Samahani naingilia, mi sina pikipiki. Nimesoma uzi wote na nina jambo moja linaniuma. Wengi wenu mnalaza pikipiki ndani kwa kuogopa wezi, na asubuhi mnaipasha moto humohumo sebuleni au koridoni mlango ukiwa nusu wazi. TAFADHALINI. Moshi wa bluu mnauona na kuukimbia, lakini ile gesi inayoua, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na injini ya baridi yenye choki inatoa nyingi kuliko ikiwa ya moto. Mtu anaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, anataka kulala, anadhani ni uchovu. Watoto wanawahi kuzidiwa. mwanaMakete unavyoisukuma mpaka barabarani kwa ajili ya mtoto wa jirani unafanya jambo kubwa kuliko unavyojua, usiache hata moshi ukiisha.

#39 Bwana Shamba mstaafu
Ahsante sana binti yangu. Mimi nililaza yangu ndani miaka kumi na tano, na mara ngapi mke wangu alilalamika kichwa asubuhi nikamwambia ni baridi. Leo ndo najua.

#40 Kiberiti
Hili la dada nesi limenigusa, kuanzia kesho naisukuma nje. Alama zote kwako.

#41 mwanaMakete
Ahsante dada nesi.

Nimerudi na taarifa, zimepita siku tano. Nimemwaga oili yote, ilitoka lita moja na robo, yaani nilikuwa nimejaza sana. Haikunuka petroli, lakini kusema kweli oili chakavu inanuka yenyewe sina uhakika na pua yangu. Nimeweka mpya ya 20W-50 ya pikipiki, nimepima wima bila kukaza kijiti. Koki nafunga kila usiku.

Matokeo: moshi umepungua. Zamani dakika mbili tatu, sasa kama dakika moja, na wingu ni dogo. Lakini upo na bado una ubluu. Ile ya kuvuta mafuta ghafla baada ya dakika tatu: lilitoka wingu dogo la bluu, likakata. Mpira wa kupumulia unapuliza kidogo, siyo kwa nguvu, lakini sijui kidogo ni kiasi gani.

#42 Fundi Spana
Wingu limetoka! Sili!

#43 Mchonga Bloku
Mpira unapuliza! Bloku!

#44 mtu wa Lushoto
Na umepungua baada ya kutoa oili iliyozidi. Kila mtu amepata chake hapa.

#45 Mama Gereji
Na koki mmeisahau? Amefanya vitu viwili kwa pamoja, oili na koki. Hamjui kipi kimepunguza.

#46 Piki Mbili
Kuna kitu kingine. Ekzosi lenyewe! Miezi yote hiyo limekuwa linapokea oili, ndani limelowa. Hata ukimaliza ugonjwa wote leo litaendelea kufuka asubuhi mpaka ile oili ya ndani iungue. Mi nilibadili sili na bado nikatoa moshi karibu wiki mbili, nikamfuata fundi kwa hasira kumbe hana kosa. Nilipotoka safari ndefu ya kilomita 150 bila kuzima, ukakata. Kama unazunguka kilomita mbili mbili kijijini halipati moto wa kutosha hata maji hayakauki, linaoza kutokea ndani. Mpe safari, nenda Njombe urudi.

#47 Kijana wa Kahama
Kuna dawa madukani ya kumimina kwenye oili inaondoa moshi. Vipi hiyo?

#48 Fundi Spana
Inafanya oili iwe nzito, moshi unapungua kwa muda, ugonjwa unabaki. Na baridi ya Makete oili nzito inachelewa kupanda kichwani asubuhi, unasaga roka (vile vyuma vinavyobonyeza valvu) bila oili. Pia msiweke oili za gari zenye kulainisha sana, klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyohiyo, itaanza kuteleza. Angalia JASO MA kwenye kopo.

#49 mwanaMakete
Basi nimeamua. Jumamosi kichwa kinafunguliwa, mbele ya macho yangu. Sili zitabadilishwa maana ni bei ndogo, gaidi zitashikwa kama zinayumba, na bloku ikishakuwa wazi itapimwa na mtu mwenye kifaa, siyo kwa jicho. Mchonga Bloku, nikupigie picha ya ndani uione mistari?

#50 Mchonga Bloku
Piga kwa mwanga wa pembeni, siyo flashi ya mbele, utaona kama kuna mstari wa msalaba au kioo kitupu. Na pita na kucha juu kabisa pale ringi ya juu inapogeukia, ukihisi ngazi, bloku imekula. Tundu la CG likiwa jipya ni milimita 56.5, mwambie apime juu, kati na chini, kwa pande mbili. Ikibidi kuchonga kuna pistoni zilizozidi kwa milimita 0.25 na 0.50, usikubali kurukia 1.00 moja kwa moja, unamaliza bloku ya mzee bila sababu.

#51 Fundi Spana
Na kabla ya kufungia, simamisha kichwa, mimina petroli kidogo kwenye tundu la hewa na la ekzosi valvu zikiwa zimefungwa, subiri dakika tano. Ikivuja chini valvu zinahitaji kusagwa. Usifunge bila hiyo.

#52 Bwana Shamba mstaafu
Mwanangu zile risiti usizitupe, ongeza na ya Jumamosi kwenye bahasha hiyohiyo.

#53 mwanaMakete
Nitaongeza mzee wangu. Nitaleta picha Jumamosi jioni mtandao ukiruhusu.

#54 Dereva wa DT
Wakuu samahani nimechelewa kuuona uzi. Mzee Bwana Shamba, hiyo sili ya upande wa klachi uliyosema #11, inabadilishwa bila kupasua injini yote? Maana ya kwangu oili ya gia inapungua na nje hakuna tone.